Mamilioni Yaliingia, Kampuni Ikafa: Kwa Nini?

Kila kampuni ya intaneti inapofungwa Afrika Mashariki, swali linalozuka dukani, kwenye matatu na katika makundi ya simu ni lile lile: hawa si walipewa mamilioni ya dola? Zimekwenda wapi? Swali hilo lilisikika tena Mei 2024, Copia Global ya Nairobi ilipowekwa chini ya wasimamizi, yaani wataalamu wanaoteuliwa kisheria kuiendesha kampuni isiyoweza tena kulipa madeni yake. Copia ilikuwa ikifanya kazi tangu 2013, ikiwauzia watu wa vijijini na wa pembezoni mwa miji bidhaa za nyumbani kupitia mawakala: mwenye duka au mwenye saluni anapokea oda ya jirani yake, anaituma kwa simu, na mzigo unaletwa. Januari 2022 ilipata dola milioni 50 kwa mkupuo mmoja. Desemba 2023 ikaongezewa milioni 20. Jumla ya mtaji wake ilipita dola milioni 100. Miezi mitano tu baada ya nyongeza ile ya mwisho, zaidi ya wafanyakazi 1,000 walikuwa na barua za ilani ya kupunguzwa kazi mkononi.

Mitaani kuna majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni kwamba fedha zimeliwa. La pili, ambalo viongozi wa kampuni hulipenda zaidi, ni kwamba fedha zimekauka: wawekezaji wameingiwa na hofu, uchumi wa dunia umeharibika, na kampuni nzuri imekufa kwa bahati mbaya. Wizi upo duniani, lakini hauhitajiki ili kueleza vifo vingi vya kampuni hizi, kwa kuwa fedha nyingi zaidi hupotea kwa njia halali, zikiwa na risiti na saini zote. Na ukame wa fedha ni kweli, ila mara nyingi huwa ni dalili ya mwisho ya ugonjwa ulioanza miaka kadhaa nyuma. Sura hii inadai kwamba ugonjwa wenyewe ni wa uongozi, na kwamba kiini chake ni kosa moja: kuuchukulia mtaji kama uthibitisho kwamba biashara inafanya kazi, wakati mtaji ni muda tu wa kuchunguza kama inafanya kazi.

## Fedha za mwekezaji ni fedha za namna gani?

Kampuni changa ya teknolojia, ambayo wengi sasa huiita startapu, haianzi kwa mkopo wa benki. Benki hutaka dhamana, na kijana mwenye programu ya simu na kompyuta mbili hana shamba wala nyumba ya kuweka rehani. Kwa hiyo huenda kwa mifuko ya uwekezaji, yaani taasisi zinazokusanya fedha za matajiri, mashirika na mifuko ya pensheni, kisha kuzitumia kununua hisa za kampuni changa. Hisa ni sehemu ya umiliki. Anayetoa dola milioni moja akapata asilimia ishirini ya kampuni hadai kurudishiwa fedha zake kila mwezi kama benki. Anangoja siku kampuni itakapokuwa kubwa ili auze sehemu yake kwa bei ya juu. Kila mkupuo wa fedha za namna hii huitwa raundi, na kampuni hupanda kutoka raundi ndogo hadi kubwa kadiri inavyowashawishi wawekezaji wapya.

Mwenye mfuko huweka fedha katika kampuni nyingi akijua wazi kwamba nyingi zitakufa na moja au mbili zitalipia hasara ya zote. Kwake, kampuni inayokua polepole na kupata faida ya kawaida ni karibu sawa na iliyokufa, kwa sababu haitalipia wenzake. Kiongozi wa kampuni hana kampuni kumi. Anayo moja, na ndani yake wamo wafanyakazi, wauzaji wa mali na wateja ambao nao hawana kampuni nyingine tisa za kuwafidia. Ndiyo maana ushauri mzuri kwa mfuko unaweza kuwa sumu kwa kampuni, na kazi ya kwanza ya kiongozi ni kulijua hilo siku anayosaini mkataba.

Kuna hesabu moja inayoonyesha jinsi mtaji ulivyo muda. Chukua fedha zilizopo benki, zigawe kwa hasara ya mwezi, na jibu ni miezi iliyobaki ya uhai. Kampuni yenye dola milioni 6 inayopoteza dola 500,000 kila mwezi ina miezi 12. Lakini kutafuta raundi mpya kunaweza kuchukua nusu mwaka: kuandaa hesabu, kukutana na mifuko kadhaa, kukaguliwa, kujadili mkataba. Kwa hiyo kiongozi huyo ana miezi sita tu ya kufanya kazi halisi kabla hajarudi kuomba. Hiyo miezi sita ndiyo aliyonunua, na lazima ajue anataka kujibu swali gani ndani yake.

## Hesabu ya oda moja

Swali lenyewe ni hili: tukimhudumia mteja mmoja, oda moja, mwanzo hadi mwisho, tunabaki na kitu au tunapoteza? Ni hesabu ambayo mama mboga huifanya kichwani kila jioni. Kwenye kampuni za intaneti hesabu hii hufichika kwa urahisi, kwa sababu gharama zake zimetawanyika katika idara nyingi, na kwa sababu mtaji hulipa pengo bila kelele.

Tuchukue mfano wa kubuni wa kampuni inayouza bidhaa za dukani kwa simu. Mteja anaagiza vitu vya shilingi 1,000. Kampuni imevinunua kwa 870. Kumfikishia kunagharimu 120, ukijumlisha mafuta, dereva na msaidizi wake. Wakala anapata kamisheni ya 50. Ufungaji na mizigo inayorudishwa vinakula 30. Jumla ya gharama ni 1,070. Kila oda inapoteza shilingi 70, na bado hatujagusa mishahara ya ofisini, kodi ya jengo wala matangazo. Oda kumi kwa siku ni hasara ya 700, ambayo haimuumizi mtu. Oda 10,000 kwa siku ni hasara ya shilingi 700,000, yaani milioni 21 kwa mwezi. Kiongozi anayezidisha oda kabla ya kurekebisha zile shilingi 70 anaongeza kasi ya kufa, na siku anapotangaza kwamba mauzo yamepanda mara kumi, hasara yake nayo imepanda mara kumi. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza vilevile.

Kune Food ya Nairobi ni mfano halisi. Ilianzishwa na Mfaransa aliyetaka kuwauzia wakazi wa jiji vyakula vilivyopikwa tayari kwa bei ya takriban dola 3 kwa sahani, pamoja na kuwapelekea. Juni 2021 ilitangaza kupata dola milioni moja. Juni 2022 ilifungwa, na mwanzilishi akaeleza kwamba bei ile haikutosha kubeba gharama huku bei za vyakula zikipanda. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini yanaacha jambo. Katika jiji ambalo kibanda cha jirani kinampa mtu wali na maharage kwa nusu ya bei hiyo au chini yake, bila gharama ya pikipiki wala ofisi, kupandisha bei kulikuwa vigumu tangu siku ya kwanza. Dola milioni moja haikuliondoa tatizo hilo. Ililiahirisha mwaka mmoja.

## Kupanua kabla ya kupata jibu

Mtaji unapochukuliwa kuwa uthibitisho, hatua inayofuata huonekana ya busara kabisa: ikiwa biashara imethibitika hapa, ipelekwe kila mahali. Mfano mkubwa zaidi wa kosa hili unatoka Marekani. Webvan ilianza kupeleka vyakula majumbani katika eneo la San Francisco mwezi Juni 1999. Mwezi uliofuata, kabla ya kujua kama ghala lake la kwanza kule Oakland lingelipa, ilisaini mkataba wa dola bilioni moja na kampuni ya ujenzi ya Bechtel ili ijengewe maghala mengine katika miji 26. Novemba mwaka huo iliuza hisa zake kwa umma na kukusanya dola milioni 375. Julai 2001 ilifilisika, na wafanyakazi wapatao 2,000 wakapoteza kazi. Ghala la kwanza lilikuwa na mitambo ya kisasa iliyohitaji oda nyingi sana ili ijilipe, na oda hizo hazikufika. Badala ya kusimama na kuuliza kwa nini, kampuni ilikuwa tayari imejifunga kulijenga kosa hilo hilo mji baada ya mji.

Huku kwetu, Sendy ilianza Nairobi mwaka 2014 ikiwa na wazo linaloeleweka: kumuunganisha mwenye mzigo na mwendesha bodaboda, pikapu au lori kupitia simu. Januari 2020 ilipata dola milioni 20, miongoni mwa wawekezaji wake ikiwemo Toyota Tsusho ya Japani. Baadaye iliongeza huduma za kutunza na kusambaza mizigo ya wafanyabiashara, pamoja na kuwauzia wenye maduka bidhaa, na ikavuka hadi Nigeria. Kila huduma mpya ina hesabu yake ya oda, na kila nchi mpya ina sheria zake, barabara zake na washindani wake. Mwaka 2022 ilianza kupunguza wafanyakazi na kufunga baadhi ya huduma. Agosti 2023 ikafungwa kabisa. Copia nayo iliingia Uganda na kutoka huko Aprili 2023, ikisema inaelekeza nguvu Kenya. Uamuzi wa kutoka ulikuwa sahihi, lakini kufika huko na kurudi kulikula muda uliopaswa kutumika kutafuta jibu nyumbani.

Ni haki kutambua kwamba kazi hizi ni ngumu kweli. Kupeleka mfuko wa unga na sabuni hadi kijijini kwa mteja asiye na anwani, kwenye barabara inayokatika mvua ikinyesha, si jambo la kuchezewa. Walioijaribu kazi hiyo walikuwa wakitafuta dawa ya shida halisi ya watu halisi. Lakini ugumu huo ndio unaozidi kudai kwamba jibu lipatikane kwanza katika kaunti mbili kabla ya kutafutwa katika nchi mbili.

Kwa kifupi hadi hapa: mtaji hununua muda. Muda huo ni wa kujibu kama oda moja inalipa. Kampuni inayopanua kabla ya kupata jibu inanunua hasara kubwa zaidi kwa fedha za kutafutia faida.

## Ukweli unapokwama njiani

Mtu anaweza kuuliza: je, viongozi hawa wasomi hawakuijua hesabu ya oda moja? Wengi waliijua. Tatizo la uongozi katika kampuni changa mara nyingi si ujinga. Ni mpangilio wa mambo unaofanya ukweli uchelewe kumfikia mwenye kuamua, au umfikie akiwa hawezi tena kuusema kwa sauti.

Mkurugenzi mtendaji wa kampuni inayoishi kwa raundi ndiye mwombaji wake mkuu wa fedha. Anaposafiri kwenda London au San Francisco, kazi yake ni kuwafanya watu waamini. Atasimulia jumla ya mauzo, idadi ya mawakala na kasi ya kukua, na hayo yote huenda ni ya kweli. Hatataja shilingi 70 kwanza. Akiirudia hadithi hiyo mara hamsini, inakuwa ndiyo hadithi ya kampuni nzima: wakuu wa idara wanajifunza kwamba namba inayosifiwa ni ya mauzo, na wanaitafuta hiyo. Wakati huo msimamizi wa ghala, dereva na dada wa huduma kwa wateja wanajua mizigo mingapi inarudi na wateja wangapi hununua siku ya ofa tu kisha wakapotea. Maarifa yanayoweza kuiokoa kampuni yapo chini, uamuzi uko juu, na katikati kuna ngazi ya watu ambao kazi zao zinategemea habari njema.

Juu ya mkurugenzi kuna bodi, yaani kikundi kinachowakilisha wenye hisa na chenye mamlaka ya kumhoji na hata kumwondoa. Hapa ndipo breki ingepaswa kuwa. Lakini katika kampuni nyingi changa, viti vya bodi hukaliwa na waanzilishi wenyewe na wawakilishi wa mifuko iliyowekeza, na mifuko hiyo nayo imekwisha kuwaandikia wateja wao kwamba kampuni ina thamani fulani. Kukiri kwamba oda hailipi ni kushusha thamani hiyo. Kwa hiyo pande zote mbili za meza zina sababu ya kungoja robo mwaka nyingine. Mjumbe huru wa bodi, asiye na hisa kubwa na aliyewahi kuendesha biashara ya aina ile ile, ana thamani kuliko jina kubwa linalopamba tovuti.

Uzoefu wa aina ile ile ni jambo la kusisitiza. Webvan ilimpa uongozi George Shaheen, aliyekuwa mkuu wa kampuni kubwa ya ushauri, Andersen Consulting. Alikuwa mtu mwenye heshima kubwa, lakini hakuwa ametoka katika biashara ya vyakula, ambayo faida yake ni nyembamba na kila senti hutafutwa kwenye nyanya iliyooza na gari lililorudi tupu. Katika Afrika Mashariki pengo hili huchukua sura nyingine: mwanzilishi aliyesoma vyuo ambavyo wawekezaji wanavifahamu hupata fedha kwa urahisi kuliko mfanyabiashara wa Gikomba au Kariakoo anayelijua soko. Wakenya na Watanzania wanaolilalamikia jambo hili huambiwa wana wivu. Malalamiko yao ni hoja ya kibiashara: anayelijua soko angeona mapema kwamba mshindani halisi wa chakula cha dola 3 ni kibanda, na kwamba duka la jumla la mjini huwa limekwishamfikia mwenye kioski kwa gharama ambayo programu ya simu haiwezi kuishinda kwa urahisi.

## Pingamizi tatu

"Riba ilipanda, fedha zikakauka." Ni kweli. Machi 2022 benki kuu ya Marekani ilianza kupandisha riba kutoka karibu na sifuri, na kufikia Julai 2023 ilikuwa kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Tajiri anapoweza kupata asilimia tano bila kuhatarisha chochote, hamu yake ya kuwekeza katika kampuni changa za Nairobi inapungua, na raundi za Afrika zilipungua sana mwaka 2023. Shilingi ya Kenya nayo ilianguka, kutoka takriban 113 kwa dola mwanzoni mwa 2022 hadi takriban 160 Januari 2024. Waliokuwa na mauzo ya shilingi huku wakipimwa kwa dola walionekana kama hawakui hata walipokua. Lakini ukame huo uliwapata wote. Ulichofanya ni kuwafichua waliokuwa wakiishi kwa raundi ijayo badala ya mapato yao. Hali ya dunia ilichagua tarehe ya kifo katika visa vingi, bila kuwa chanzo cha ugonjwa. Na kiongozi anayejenga kampuni inayoweza kuishi tu iwapo riba ya Marekani itabaki karibu na sifuri amefanya uamuzi, hata kama hakujua kwamba anaufanya.

"Mbona Amazon ilipata hasara miaka mingi?" Hii ndiyo hoja inayotumiwa zaidi, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi. Amazon ilianza 1994 na robo mwaka yake ya kwanza yenye faida ilikuwa ya mwisho wa 2001, ambapo ilipata dola milioni 5. Lakini mteja wake alilipa kwa kadi alipoagiza kitabu, na mchapishaji alilipwa wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo kila oda ilileta fedha mkononi kabla ya kuzitoa. Hasara yake kubwa ilitokana na kujenga maghala na kuingia katika biashara mpya. Zaidi ya hayo, Februari 2000 ilikopa euro milioni 690 kwa kuuza hati za mkopo, mwezi mmoja kabla ya soko la hisa za teknolojia kuanza kuporomoka. Soko lilipoanguka haikungoja hali irudi: Januari 2001 ilitangaza kupunguza wafanyakazi 1,300 na kufunga ghala moja. Anayejifananisha na Amazon aonyeshe kwanza kwamba fedha za mteja humfikia kabla ya bili ya mwenye mali, kisha aonyeshe kwamba yuko tayari kukata mapema.

"Wawekezaji ndio waliotusukuma." Mara nyingi ni kweli, na wanastahili lawama yao. Mfuko unaodai kampuni ikue mara tatu kwa mwaka unajua unachokifanya. Lakini kuongoza maana yake ni kuweza kukataa. Kiongozi mwenye miezi 18 ya fedha na hesabu safi ya oda anaweza kumwambia mwekezaji kwamba Uganda itangoja. Aliyebakiwa na miezi mitatu hana sauti, na atakubali masharti yoyote, pamoja na kuuza hisa kwa bei ya chini kiasi cha kupoteza udhibiti wa kampuni aliyoianzisha. Uhuru wa kukataa hulindwa wakati fedha zipo. Zikiisha, hakuna hotuba inayoweza kuurudisha.

## Waliogeuza njia

Kama madai ya sura hii ni sahihi, basi kampuni iliyoona mapema kwamba oda yake hailipi na kugeuka inapaswa kufanya vizuri zaidi. Ushahidi upo karibu. NALA, iliyoanzishwa Tanzania na Benjamin Fernandes mwaka 2017, ilianza kama programu ya kurahisisha matumizi ya fedha za simu ndani ya nchi. Hapo ilikuwa ikijenga juu ya huduma zinazomilikiwa na makampuni ya simu, ambayo ndiyo yanayopanga ada, na sehemu iliyobaki kwa mtu wa kati ilikuwa ndogo. Kufikia 2021 ilikuwa imegeukia biashara nyingine: Waafrika Mashariki walioko Uingereza, na baadaye Marekani na Ulaya, wanaotuma fedha nyumbani. Huko kila muamala una ada au tofauti ya bei ya fedha za kigeni, na mteja hulipa kwa pauni au dola. Julai 2024, ukame ukiwa bado mkali, NALA ilipata dola milioni 40. Fernandes hakubahatika kupata wawekezaji wapole. Aliacha bidhaa aliyojulikana kwayo kabla haijammaliza.

Twiga Foods ya Kenya inaonyesha njia ndefu na yenye maumivu zaidi. Ilianza 2014 ikiwaunganisha wakulima na mama mboga, na Novemba 2021 ilipata dola milioni 50. Mwaka uliofuata iliingia hadi kwenye kilimo, ikilima mazao yake yenyewe Taita Taveta. Agosti 2023 ilipunguza wafanyakazi 283, na 2024 mkurugenzi wake ambaye pia ni mmoja wa waanzilishi aliondoka. Uongozi mpya ukaacha kujaribu kufanya kila kitu wenyewe, na 2025 ukanunua hisa katika kampuni za usambazaji ambazo tayari zilikuwa na maghala, magari na wateja. Kubadili kiongozi peke yake si dawa, maana mgeni anaweza kurithi kosa lile lile. Kilichokuwa na maana ni kukiri kwamba watu waliokuwa katika biashara hiyo kwa miongo walikuwa wanajua kitu ambacho mtaji haukuweza kukinunua.

## Maswali ya kumuuliza kiongozi

Fedha zinapoisha, mwekezaji huandika hasara katika vitabu vyake na kuendelea na kampuni zake nyingine. Mfanyakazi hubaki na mshahara wa miezi kadhaa usiolipwa. Muuzaji aliyetoa unga kwa mkopo wa siku 60 husimama kwenye foleni ya wadai, nyuma ya wakopeshaji wenye dhamana. Wakala wa kijijini hubaki na aibu mbele ya majirani walioweka oda kupitia kwake. Kwa ajili ya watu hawa, anayefanya kazi katika kampuni changa, anayeiuzia mali au anayefikiria kujiunga nayo ana haki ya kuuliza:

1. Oda moja inaacha kiasi gani baada ya gharama zote za kuifikisha?
2. Fedha zilizopo zinatosha miezi mingapi, bila kuhesabu raundi inayotarajiwa?
3. Ni nani kwenye bodi aliyewahi kuendesha biashara ya aina hii, na ni lini mara ya mwisho bodi ilimwambia mkurugenzi hapana?
4. Kabla ya kuingia mji au nchi mpya, ni kipimo gani kilitakiwa kufikiwa pale ilipoanzia, na je, kilifikiwa?
5. Ikibidi kufunga, ni fedha kiasi gani zimetengwa kulipa mishahara na wauzaji wadogo?

Swali la mwisho ndilo linaloulizwa kwa nadra, na ndilo linalopima uongozi kuliko yote. Utamaduni wa startapu huwasifu wanaopigana hadi senti ya mwisho, lakini senti ya mwisho kwa kawaida si ya mwanzilishi. Ni mshahara wa dereva na bili ya mwenye unga. Kufeli kwa biashara si dhambi, kwani jaribio lolote la maana linaweza kushindwa, na nchi isiyojaribu haitapata kampuni kubwa hata moja. Dhambi ni kuendelea kuajiri, kukopa mali na kupokea oda baada ya hesabu kusema wazi kwamba hakuna pa kutokea. Kiongozi anayefunga akiwa bado na miezi mitatu ya fedha benki, akamlipa kila mtu na kueleza hadharani kilichoshindikana, hatapewa tuzo na hataandikwa magazetini. Lakini kesho akianzisha kampuni nyingine, wauzaji watamkopesha, wafanyakazi watarudi, na huo ni mtaji ambao hakuna mfuko wowote unaoweza kumpa.